Sadalla Aliyewafungia Watani

Sadalla, mtoto wa Siti, Mzaramo wa Kariakoo, aliitwa bosi mpaka kichwa kikavimba. Alikuwa ametengeneza mtandao wa kwenye simu, akauita Barazani, na watu wakahamia humo kuuza vitu, kupiga soga na kuchambana. Ila sifa zote usimpe yeye. Kilichowajaza watu mle si kompyuta yake, ni Chiku.

Chiku ni Mnyamwezi, anauza viatu vya mitumba Mchikichini. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, basi kila asubuhi anaamka nao: wavivu hao, nazi ikidondoka wanangoja ijikune yenyewe. Wazaramo nao wanamrudishia kwamba babu zake walibeba mizigo ya watu mpaka wakafupika. Watu wanacheka, wanaitana, Barazani inafurika.

Wakatokea wafadhili wa nje, wanataka kuweka pesa, ila matusi hawataki. Sadalla akaweka mashine ya kufukuza watukanaji. Mwenzake kwenye kampuni, Chintan, Mhindi wa hapohapo Kariakoo, akamuuliza, na utani je? Sadalla akajibu hayo mambo ya kizamani. Mhindi anaulizia utani, Mzaramo anauonea haya.

Haukupita muda, Siti akafa alfajiri. Sadalla akatangaza msiba Barazani, na Chiku akaandika kama mtani anavyotakiwa: "Afadhali umekufa, bibi mchoyo wewe, leo ndiyo tutashiba ubwabwa wako. Na jeneza halitoki mpaka tuone kuku." Mashine ikamfungia. Wenzake wakaja juu kumtetea, kila mtu na tusi lake. Wote nje.

Alasiri jeneza likatoka. Hakuna aliyelala mlangoni kulizuia, hakuna aliyejifunga kanga ya marehemu akaigiza mwendo wake. Likapita kimya kama la mtu aliyeokotwa. Mjomba akamuuliza Sadalla amewafanya nini watani, naye akafungua simu, akaona orodha ya waliofungiwa.

Aliwafungulia wote usiku uleule, hakurudi hata mmoja. Na wale waliokuwa wanakuja kucheka, wakaona wakae mle wafanye nini. Wiki haijaisha, Barazani imekuwa gofu. Chintan akamwambia ukweli: wafadhili wanataka watu, na watu wamemfuata Chiku. Asiporudi, kampuni inafungwa.

Sadalla akaenda Mchikichini. Akamkuta Chiku anapiga kiatu brashi, akajilazimisha kumchokoza.

"We Mnyamwezi, unauza viatu na mwenyewe unatembea peku?"

Chiku akaweka kiatu chini, akajifuta mikono.

"Karibu, Bwana Sadalla. Pole sana kwa msiba."

Wauzaji wa meza za jirani wakageuka. Mtani hakupi pole, anakutukana. Akikupa pole, ujue kashakutoa kwenye utani.

Sadalla akapiga magoti palepale kwenye vumbi, na shati lake la ofisini.

"Bi Chiku, nitukane. Mara moja tu. Mtukane hata mama, mazikoni hakutukanwa na mtu, kaenda hivihivi."

"Nikutukane kwa lipi, baba? Mimi na wewe hatujuani."

Akamgeukia mteja, akamuuliza anavaa namba ngapi. Sadalla bado kapiga magoti, watu wanamkwepa kama ndoo iliyoachwa njiani.

Barazani ilifungwa kabla ya arobaini ya Siti. Na arobaini yenyewe ikasomwa kwa adabu tupu.