Mama Alimtuma Nyanya

Kwetu Manga, huku milimani, mama hamwambii mwanawe aliyeoa habari za chumbani. Ni aibu kubwa. Kwa hiyo, zikiwa zimebaki siku nne nirudi Uarabuni kwenye kazi yangu ya ulinzi, mama alimtuma nyanya, maana nyanya na mjukuu hutaniana bila mipaka.

Alipanda mlima na bakora yake, akanikuta nikimkatia ng'ombe migomba.

"Mume wangu," akaniita, kama anavyoniita tangu utotoni, "nasikia yule mke mwenzangu amekushinda."

"Nani kasema?"

"Tumbo lake. Karibu mwezi mzima uko nyumbani! Au huko jangwani walikukausha?"

Nilicheka, nikaendelea kukata. Akauacha utani. "Baba yako anangoja jina."

Baba alizikwa nikiwa kazini. Jeneza lake nililiona kwenye simu. Kwetu marehemu hurudi mtoto anapopewa jina lake.

Lakini hofu yangu ilitoka kwa baba huyohuyo. Alikuwa kuli Mombasa, akija nyumbani kila Desemba. Nilipokuwa na miaka minne, mtu mwenye sanduku aliingia uani akaninyooshea mikono. Alinukia sabuni nisiyoijua. Nilikimbilia migombani nikajikojolea, na kutoka huko nikamsikia akimwuliza mama polepole, "Huwa mnamwambia kwamba nipo?"

Likizo nzima nilikuwa nikimkwepa mke wangu kwa ajili ya swali lile.

"Nyanya, na mtoto akinikimbia?"

"Atakukimbia. Wewe hukumkimbia baba yako? Na siku ya mazishi, ni nani aliyelia kwenye simu mpaka tukashindwa kumsikia mchungaji?"

Alishuka mlima akinung'unikia magoti yake.

Mke wangu alirudi kutoka kituo cha kuuzia majani chai, kikapu kitupu mgongoni.

"Nyanya alitaka nini?"

"Mtoto."

"Na wewe?"

"Naogopa."

"Mimi je? Atakayezaa ukiwa huko si mimi?"

Sikuwa nimewahi kuiwazia hofu yake. Nilivua sweta nililovaa shambani wiki nzima, lenye jasho na utomvu wa migomba, nikalitundika kwenye msumari kando ya kitanda.

"Usilifue," nikamwambia.

"Litanuka!"

"Linuke. Mtoto anijue."

Alilitazama, kisha akaufunga mlango, jua likiwa bado juu ya ukingo wa Manga. Mara hii sikukimbia.