Sauti Ilikuwa ya Odile

Ipo siku moja, mwanangu Nasra, nikiikumbuka mpaka leo viganja vinanitoka jasho. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nimevaa suruali ya ngozi iliyonibana mpaka kukaa kitako ilikuwa kazi, nimekaa kwenye kochi jeupe la studio ya televisheni huko Ujerumani, na mtangazaji ananiuliza swali moja dogo tu. Swali lenyewe nitalifikia. Ngoja nitulie kwanza, maana tangu jana moyo unanidunda, na dawa yangu ya presha nimeshaimeza.

Najua utasema, "Mama, you worry too much." Haya, nina wasiwasi, nakubali. Nimekaa hapa jikoni Richardson, pembeni ya Dallas, chai imepoa mbele yangu, wewe uko kazini, na keshokutwa Alhamisi unaendesha gari kwenda Houston kusimama mbele ya wakubwa. Nimeona nikuandikie, kwa sababu nikikuambia uso kwa uso utanikatiza kwa Kizungu, na mimi nitakasirika, mazungumzo yataishia hapo. Soma yote. Usirukeruke kama unavyosoma meseji zangu.

Ile picha iliyo ukumbini, ya wasichana wawili na mvulana mmoja wenye nywele za rangi, unaijua tangu utoto. Ulikuwa ukiwaleta wenzako wa shule kuitazama: "My mom was a singer." Kila Idi wageni wakija wanaonyeshana, huyu ndiye aliyeimba Ulaya miaka ya tisini. Nami hutabasamu nikaendelea kumimina kahawa. Mwanangu, sikuimba. Hata neno moja sikuimba. Sauti unayoisikia kwenye wimbo ule ni ya mwanamke aliyeitwa Odile. Baba yako, Mungu amrehemu, alikufa hajui. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Nilifika Ujerumani kumfuata mamako mkubwa Saada, aliyeolewa huko. Mchana nilikuwa nikiuza mikate, Jumamosi naenda disko. Kucheza nilikuwa najua, hilo sitii chumvi. Nikiingia kati watu wanasogea wanipishe. Hapo ndipo aliponiona Bwana Rolf, mtu aliyekuwa akitengeneza muziki kwa kompyuta na vinanda vya umeme katika chumba kilichokuwa chini ya duka la matairi. Akaniambia ana mdundo, ana wimbo, ana sauti, kinachokosekana ni uso. Nikamuuliza, kwani mwenye sauti hana uso? Akacheka. Na mimi mjinga nikacheka naye.

Mwenye sauti alikuwa huyo Odile, Mkongo wa Lubumbashi, amenipita kama miaka kumi, mnene, mfagizi wa hospitali. Alikuwa akija studio na sare yake ya kazi, ananukia dawa ya sakafu. Lakini akifungua mdomo, Yarabi! Malaika ya mwili yanasimama. Bwana Rolf alisema wanunuzi wa muziki wa disko wanataka kuona msichana mwembamba anayerukaruka. Siku zile hatukuwa peke yetu kufanya hivyo, na mwenyewe alilieleza jambo lile kama mtu anayekueleza namna ya kukaanga yai.

Kwa kuwa sote wawili tulijua Kiswahili, Odile ndiye aliyenifundisha kumwigiza. Tulikaa kwenye ngazi za chumba kile, akaniwekea mkono mgongoni, akaimba taratibu. "Hapa navuta pumuzi, na weye uvute." Nikajifunza kuvuta pumzi pale anapovuta yeye, kufumba macho pale anapopanda juu. Alinitengenezea uongo wangu kwa mikono yake, maskini, bila kinyongo. Aliniomba kitu kimoja tu. "Mutoto, weye utaenda kwa televizyo. Utaje jina yangu mara moja tu, bandugu yangu ba Bruxelles basikie." Hao ndugu zake walikuwa wamemwambia kwamba amekwenda Ujerumani kupotea. Nikamwapia. Wallahi nilimwapia, mkono kifuani.

Basi Bwana Rolf akaniongezea wachezaji wawili, wale wa pichani, na wimbo ukatoka. Mwanzo ulipigwa kwenye madisko mawili matatu. Halafu redioni. Halafu siku moja niko ndani ya basi, nasikia mdundo wetu unavuja kwenye spika za masikioni za kijana aliyekaa mbele yangu, nikashuka kituo kisicho changu kwa furaha. Kila wiki tulikusanyika kwa Bwana Rolf kusikiliza orodha ya nyimbo zinazopendwa, na kila wiki tulikuwa tumepanda, mpaka tulipofika juu kabisa Bwana Rolf akalia kama mtoto. Tukaenda Uholanzi, Uhispania, Poland. Mabango yenye uso wangu, watoto wa shule wananisubiri nje ya hoteli na kalamu. Kichwa kilinivimba, sitakuficha.

Lakini nilikuwa na hofu kila siku ya Mungu. Maikrofoni niliyoshika haikuwa hata na betri. Jukwaani sikuwa nikiwaza watu, nilikuwa nawaza kanda: ikikwama je? Ikiruka je? Nilikuwa nikitapika kabla ya kupanda, na dada wa vipodozi akadhani nina mimba. Miaka miwili niliishi hivyo, nikimwogopa mtu yeyote atakayesema, "Hebu tuimbie kidogo." Hata kwenye harusi za Waswahili wenzangu nilikuwa nikikimbilia jikoni.

Sasa ndiyo lile kochi jeupe. Kipindi kilikuwa kinarushwa moja kwa moja, na Odile alikuwa amewaambia wenzake wote hospitalini. Wafagizi na wapishi walikusanyika chumba cha mapumziko wakasogeza viti. Hilo nililijua, alinipigia simu asubuhi kuniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekwenda harusini. Mtangazaji, bwana mmoja mwenye meno mengi, akaniinamia akauliza, "Sauti hii nzuri, nani amekufundisha?"

Mwanangu, nilifunguliwa mlango hivyo. Sikuhitaji hata kufichua siri ya Bwana Rolf. Ningesema tu, Odile wa Lubumbashi, basi, ndugu zake wakasikia. Jina lilikuwa limekaa hapa kwenye ulimi. Nikatazama zile taa, nikamwona Bwana Rolf nyuma ya kamera amekunja mikono, nikaogopa kwamba nikilitoa jina moja yataulizwa mengine mpaka yote yajulikane. Nikasema, "Bibi yangu, Mombasa."

Bibi yangu! Yule ambaye akimbembeleza mtoto, mtoto anaamka! Watu wakapiga makofi.

Wiki iliyofuata Odile alikuja studio. Nilikuwa nimejiandaa anitukane, na majibu nimeshayapanga. Alivua koti, akalitundika, akasema, "Bibi yako anaimba muzuri." Basi. Akaimba kazi ya siku ile mpaka mwisho, akavaa koti lake, akaondoka, hakurudi tena. Nimetukanwa na watu wengi maishani, Nasra, wengine kwenye barabara za hapa hapa Dallas, na hakuna tusi lililonikaa kama maneno yale.

Bwana Rolf akaleta mwimbaji mwingine, wasikilizaji hawakumpenda, na kundi likafifia mpaka likafa. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni siku nilipokwenda hospitalini kumwomba Odile radhi. Nilibeba maua, na maneno ya kusema nimeyakariri njia nzima. Dirishani mama wa mapokezi akaniuliza kwa upole, "Odile nani?"

Miaka miwili nimevuta pumzi ya mwanamke yule, najua anavyolamba midomo kabla ya kupanda juu, na ubini wake siujui. Sikuwahi kumuuliza. Mama yule akasema wafagizi ni wengi, wanaingia na kutoka, bila jina kamili hawezi kunisaidia. Bwana Rolf naye alikuwa ameshahama mji. Nikayaacha maua pale dirishani. Mpaka leo nikishika simu nimtafute, naandika Odile, halafu sina la kuongeza.

Tuje kwako sasa. Jana jioni ulisimama sebuleni unajifunza maneno ya Alhamisi. Simu umeiweka mezani, inatoka sauti ya Selam, yule mwenzako wa kazini Mhabeshi, anaeleza ile programu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa zao kabla hazijawaishia. Yeye anasema sentensi moja, unaizima simu, unaisema wewe kwa Kiingereza chako cha kuzaliwa Texas. Ulikuwa hodari. Ulikuwa ukitua pale pale anapotua yeye. Mimi nikaacha kukata vitunguu.

Nikakuuliza nani ameitengeneza programu hiyo. "Selam, mostly." Na kwa nini haendi yeye Houston? Ukanieleza, na najua hukuwa na ubaya, kwamba bosi anasema wateja hawaielewi lafudhi yake, kwamba bado anasubiri karatasi zake za ukaazi na hataki makuu, kwamba mwenyewe amekubali. "Mama, she's fine with it." Odile naye alikubali. Na mambo yakienda vizuri wewe utapewa kuongoza timu ya Houston, na ile nyumba ya Katy, pembeni ya Houston, uliyonionyesha, yenye chumba changu cha chini nisipande ngazi. Usidhani siitaki. Magoti yangu yanaitaka sana.

Ndipo nikakuuliza, "Selam nani?" Ukacheka. "It's long, Mama, I can't even say it."

Nilikwenda chooni nikafungulia bomba ili usinisikie nalia.

Sikwambii usiende Houston. Nenda, una ulimi mzuri, na ulimi wako ni kazi yako halali. Nakwambia hivi: kesho asubuhi, kabla ya kufungua kompyuta yako, nenda kwenye meza ya Selam umuulize jina lake na la baba yake, akufundishe kulitamka mpaka yeye mwenyewe akuambie sawasawa. Muulize anataka kusemwa vipi mbele ya wakubwa, usimwamulie. Anayengoja karatasi ana hofu zake, na hofu hizo mimi na baba yako tuliishi nazo tulipohamia huku Marekani. Kama yuko tayari, mchukue kwenye gari lako muende wote. Liandike jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya lako. Na huko Houston kuna mtu atakuuliza swali dogo, labda kwa mzaha, labda mkinywa kahawa: umewezaje kufanya haya yote? Litakuja tu, mwanangu, nami nakuogopea hapo kuliko kwingine kote. Usitazame taa. Usimtazame bosi. Mtaje papo hapo, maana ukisema utamtaja baadaye ndiyo umeshamwacha.

Huenda timu wakampa mtu mwingine. Huenda nyumba ya Katy ikaenda kwa watu, tukabaki hapa na ngazi zetu. Hilo nalo linanitia hofu, nakwambia kweli. Lakini hofu ya kukosa nyumba itanitoka baada ya mwezi mmoja. Hii nyingine ninayo tangu kabla hujazaliwa.

Na mimi nimefanya langu. Leo asubuhi nimeishusha ile picha ukumbini, nikaandika chini yake kwa kalamu nyeusi, "Aliyeimba ni Odile," kisha nikaacha nafasi ya jina la pili. Nimeirudisha ukutani. Wageni wa Idi wakiuliza nitawaeleza, wacha wanicheke. Na wewe ukiona haya kwa ajili yangu, nitakuelewa, ila usinifiche.

Mungu akutangulie mwanangu, akulinde na yale malori ya njia ya Houston, akupe moyo wa kusema jina la mwenzio hata sauti ikikutetemeka, na akurudishe nyumbani mzima na uso wako mwenyewe. Kesho Selam akishakufundisha, nipigie hapo hapo, usingoje mpaka jioni. Unitajie jina lake lote, polepole, niliandike. Nitakuwa nimekaa na kalamu.