Mzee wa Ireland na Jumapili yangu ya Kikopey

Wakuu, salamu humu ndani. Hii siitii chumvi hata kidogo. Kama kuna mtu alikuwa Kikopey siku hiyo, anisahihishe.

Mimi napiga one man guitar, naimba na gitaa peke yangu bila band. Kila Jumapili mchana niko kwa Mama Shiro, mwenye bucha ya nyama choma pale kando ya highway. Hiyo Jumapili ndiyo inanilisha.

Mwezi uliopita Mama Shiro akaja na mzee wa Ireland, anaitwa Declan. Anakaa Kiamunyi kwa binti yake aliyeolewa huku, na huimba nyimbo za kienyeji za kwao.

Mama akaniambia, "Leo mwachie huyu mzee kidogo, na umrekodi niweke kwa page yangu. Watu wakimpenda, tutaongea kuhusu Jumapili."

Tutaongea kuhusu Jumapili. Wakuu, hapo nikaona kazi yangu inaenda.

Mzee akakaa na gitaa lake limechubuka. Chords tatu, sauti imekwaruza. Nikajiambia huyu hafiki wimbo wa pili.

Kabla hajafika mbali, Otieno, mkataji nyama wetu, akaleta mbuzi kwa meza ya mbele na kuanza kazi. Mnajua vile nyama hukatwa mbele ya mteja, kisu kikigonga ubao. Mimi hiyo kelele siitaki. Nikiimba, Otieno hukatia jikoni, na hiyo ni sheria yangu.

Mzee akakatiza wimbo. Akamwangalia Otieno, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Maliza tu, boss. Hakuna mtu amekuja hapa kwa sababu yangu."

Watu wakacheka. Halafu akashika mdundo wa kile kisu na kuanza wimbo upya. Otieno akiongeza kasi, mzee naye anaongeza. Otieno akisimama kugeuza mfupa, mzee anamngoja na mdomo wazi katikati ya neno. Akauliza wamama wa meza ya nyuma majina yao, akayatia kwenye kiitikio. Walicheka mpaka wakapangusa machozi.

Nilisikia wivu. Otieno nimefanya naye kazi miaka, na hajawahi kuniangalia kama alivyomwangalia huyo mzee.

Nyumbani nikasafisha recording kama kawaida ya kazi. Nikatoa kisu, nikatoa maongezi, nikashusha vicheko. Nikasikiliza. Kilichobaki kilikuwa mzee wa kawaida kabisa, na gitaa halijakaa tuning vizuri. Nilifurahi, siwadanganyi. Nikamtumia Mama Shiro.

Akajibu kwa voice note. "Hii ni ya nani? Hii si ya Jumapili. Watu wangu wako wapi?"

Ikabidi nirudi kwa ile raw, ile ambayo sikuwa nimeisafisha. Nikavaa headphones nisikie huyu mzee ana siri gani. Kisu kipo, wamama wapo, mzee anangoja. Na kuna mtu anacheka kushinda wote, karibu kabisa na recorder, anacheka mpaka anakohoa. Nikarudisha nyuma nimjue ni nani, maana ilikuwa inaudhi.

Recorder ilikuwa kwa meza ya mixer. Hapo nilikuwa nimekaa peke yangu.

Nikavua headphones, nikamtumia Mama raw vile ilivyo.

Sasa Jumapili tunagawana, mzee anaanza, mimi namalizia. Nilichojifunza ni kwamba ile kelele nilikuwa nafukuza jikoni ndiyo ilikuwa band yangu. Na wivu bado ninao, tena wa kutosha.

Wenye mnapiga live, nisaidieni hapa. Mnaongeaje na watu bila kuonekana mnajilazimisha? Juzi nimemwita Otieno akatie mbele, nikamtupia utani wangu wa kwanza kabisa kwa mic.

Akaweka kisu chini, akanihurumia.

"Boss," akasema, "wewe imba tu."