Turubai la Asiyekufa

Mimi ni mtu wa ndani. Hata chumvi naagiza. Kidato cha nne nililifaulu somo la uraia kuliko yote, nikajua haki zangu zote, nikaolewa, nikaanza kufuga kuku. Kwa hiyo asubuhi ile nilipotoka nje na kusema twende kituo cha polisi wote, mtaa ulicheka.

"Makubwa! Wewe ambaye hata dukani hufiki?" alinitania jirani yangu mpika vitumbua. "Utatuongoza na hizo ndala?"

Kijana wa nyumba ya pili, muuza mananasi ya Kiwangwa, alikuwa amesimama kwenye mkutano wa hadhara akauliza mashamba yao ya huko yamewekewa alama za kutwaliwa kwa idhini ya nani. Swali hilo tu. Kesho yake gari lisilo na namba likambeba mbele ya meza yake, mananasi yakabaki na inzi. Mama yake alikwenda polisi peke yake, akaambiwa hawamjui. Nikafikiri, wakituona mtaa mzima, watamkumbuka.

"Mwenye nguvu mpishe, mdogo wangu," akasema mpika vitumbua, sasa hacheki. "Tumsomee dua."

Na kwa dua, jamani, hatuna mpinzani. Kabla ya adhuhuri turubai limesimama, mikeka imetandikwa, masufuria ya shughuli yapo mekoni. Wanaume waliokosa nafasi ya kufika kituoni walipata nafasi ya kuchinja mbuzi. Mimi mwanaharakati nilipewa vitunguu swaumu nimenye. Nikamenya.

Kukusanyika kwetu tunakujua kwa namna moja tu, msiba. Ndiyo maana msomaji wa dua alipofika mwisho, ulimi wake ukafuata njia uliyoizoea: "Ewe Mola, mrehemu mja wako, mpanulie kaburi lake."

"Amin!" tukaitikia wote. Mimi pia, vidole vinanuka.

Mama wa kijana akasimama.

"Kaburi lipi? Mwanangu nani kamwosha? Nani kamvika sanda? Mnamzika ili mpate kulala?"

Mpika vitumbua akamshika mkono. "Dada, kaa, ule japo tonge." Mama akauchomoa mkono wake, akajitanda kanga, akatoka.

Nikamfuata. Kubaki pale na vitunguu kuliniaibisha kuliko kutoka. Nyuma yetu nikasikia sinia zinagawiwa. Nikawa nageuka, nageuka tena, nikijisemea labda wanavaa viatu. Hakuja mtu.

Kituoni, askari wa mapokezi alimsikiliza mama hadi mwisho, kisha akanyoosha shingo kuchungulia nje ya mlango. Alipoona hakuna wengine nyuma yetu, akaegemea kiti.

"Mama, si mmeshamsomea leo?" akauliza kwa upole. "Habari tunazo."

Mama akakaa kwenye benchi. Nami nikakaa. Hakuna aliyetufukuza. Hakuna aliyetuhitaji.