Mwitikiaji wa Clementi

Clementi Makongoro alikuwa na litungu lake la nyuzi nane, alikuwa na sauti iliyokwisha kuanza kukwaruza, na alikuwa na nyumba ya vyumba viwili pale Kigera, mjini Musoma. Alichokosa ni mtu wa kumwitikia.

Mwitikiaji wake alikuwa kaka yake, Baltazari. Tangu wakichunga ng'ombe kule Bugwema, Clementi alipiga na kutaja majina, Baltazari akakaa ubavuni pake na kuitika. Walipiga harusi za Butiama, wakaitwa mpaka Kibara kwa wavuvi waliooza mabinti, na hakuna ukoo waliouimbia ambao babu zake Clementi hakuwajua kwa majina. Wakati huo mtu akialika watu, alialika na mtu wa kuwasema watu hao. Leo anakodiwa kijana wa kupiga kelele kwenye kipaza sauti, ambaye jina la bibi harusi ameliandika kwenye kiganja, na jasho likimtoka jina linafutika, anamwita bibi harusi "mrembo wetu" mpaka jioni.

Baltazari alikufa kwa kifua. Siku ya kumzika, Clementi alikwenda Bugwema na litungu lake limefungwa kwenye kanga, akakaa nalo mapajani tangu asubuhi. Prosper, mtoto mkubwa wa marehemu, anafanya kazi ya muziki wa sherehe mjini Bunda. Alileta spika mbili kubwa kama makabati na karatasi ya ratiba. Kwaya ilikuwemo, salamu za chama zilikuwemo, neno la shukrani lilikuwemo. Litungu halikuwemo. Mwili ukashuka, udongo ukarudishwa, na Clementi akarudi Musoma na kanga yake haijafunguliwa.

Kwa hiyo familia ilipokubaliana siku ya kujengea kaburi, alimwita Prosper nyumbani Kigera.

"Wimbo wa ukoo utaimbwa siku hiyo," alimwambia. "Saruji ikishakauka, yamekwisha. Hapatakuwa na siku nyingine."

"Sawa, baba mdogo. Ila ulete umerekodiwa. Ukisema upige palepale, utaanza kukaza nyuzi, utaanza kulianika litungu juani ngozi ikaze, watu watachoka. Ukiwa umerekodiwa mimi nauweka kwenye ratiba, nabonyeza tu."

Clementi alivitazama vidole vyake, vilivyovimba kwenye viungo kama tangawizi. Kijana hakukosea sana. Wimbo wa ukoo ni mrefu, na kuna siku vidole vile vinashindwa hata kufunga kifungo cha shati.

"Na wa kuitika?"

"Jiitikie mwenyewe. Unarekodi mara ya kwanza unaimba, mara ya pili unaitika, mimi nazibandika pamoja. Siku hizi mtu mmoja anakuwa bendi nzima."

"Prosper, wewe unajiamkiaga? Unasema shikamoo, halafu unajijibu marahaba?"

Prosper alicheka mpaka akaweka kikombe cha chai chini. "Hiyo teknolojia, baba mdogo."

"Huo ni ukiwa," alisema Clementi, na yeye hakucheka.

Kwa mzee Makongoro, baba yao, jambo hilo halikuwa la mzaha. Mpigaji anayejiitikia alikuwa ametangaza kwamba hana mtu. Mtoto aliyefanya hivyo hata kwa mchezo alichapwa fimbo ya miguu, na aliyemchapa hakueleza kwa nini. Siku hizi kila kitu sharti kielezwe, na kikishaelezwa kinaachwa.

Prosper alipoondoka, Clementi alivuta sanduku la bati chini ya kitanda na kutoa kaseti. Ilirekodiwa zamani kwenye harusi moja ya Butiama na mwalimu mmoja aliyekuwa na redio mpya. Kwa heshima, mwalimu yule alimpa Baltazari redio aipakate. Basi ndani ya kaseti ile litungu linasikika kama liko ng'ambo ya bonde, na sauti ya Clementi mwenyewe kama ya mtu anayesema nyuma ya ukuta. Lakini Baltazari yuko pale pale. Unasikia mpaka pumzi anayovuta kabla ya kuitika. Clementi wa ng'ambo ya bonde anauliza, kwa lugha ya nyumbani, nani yupo kwa Makongoro. Baltazari anajibu: "Nipo, mwana wa Makongoro, nipo."

Mpango wa Clementi ulikuwa huu. Angeiwasha redio kaseti, akae karibu na simu na litungu lake, apige na kuimba upya kwa nguvu juu ya sauti yake ya ujanani, ataje na wajukuu waliozaliwa baada ya harusi ile, na kila pengo likifika, Baltazari aitike. Simu ingewachukua wote wawili. Siku ya kaburi, Baltazari angesikika Bugwema akisema yupo.

Aliegemeza magodoro dirishani na kutundika mablanketi mlangoni. Simu, ya kioo kilichopasuka, aliilaza juu ya kigoda kwenye kitenge kilichokunjwa mara nyingi, ili isisikie mguu wake ukigonga sakafu. Kelele za nje ndizo hakuwa na blanketi la kuzifunika. Baa ya mtaa wa pili ilipiga muziki tangu Ijumaa mpaka wateja walipokosa pa kulala. Jua likipanda, mabati yalilia. Na kila alipofika katikati ya wimbo, alipita muuza dawa na spika yake begani: sumu ya panya, mende, kunguni, sumu ya panya.

Aliyemsaidia ni jirani yake Kudura, mjane anayeanika na kuuza dagaa, ambaye ukuta wake na wa Clementi ni mmoja. Waligundua kwamba Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani na walevi wamelala, Kigera hunyamaza kidogo. Kudura si mtu wa kanisani, kwa hiyo alikuwa nyumbani.

"Mzee Clementi, leo tena haturuhusiwi kukohoa?"

"Leo tena, mama."

"Wajukuu nimewapeleka kwa shangazi yao. Na mbuzi huyu nimwambieje? Maana hasikii la mtu."

"Mwambie kuna msiba."

Kudura alimhamishia mbuzi mbali, akaweka kigoda chake kwenye kona ya uchochoro, na muuza sumu alipotokea alimzuia kwa mkono. "Zima hiyo. Huku hakuna panya leo."

Jumapili ya kwanza umeme ulicheza na kaseti ikaenda mbio, Baltazari akasikika kama mtoto. Clementi akanunua betri kubwa. Zilipoanza kuchoka, sauti ya kaka yake ilishuka na kuwa nzito, na litungu likawa halipatani nayo. Zamani litungu lilifungwa kufuata koo la mwitikiaji. Unamwambia "sema", anasema, unakaza nyuzi kwa koo lake. Clementi aliinama akazilegeza nyuzi moja moja mpaka zikapatana na marehemu mwenye betri dhaifu.

Tatizo kubwa lilikuwa lile la mapengo. Baltazari akiwa hai alimsubiri. Clementi akipendezwa na jina fulani na kulizungusha, kaka yake alitulia na kuitika pale wimbo ulipomtaka. Kaseti haisubiri. Ikifika pengo inaitika, hata kama Clementi bado yuko katikati ya jina la mjukuu. Ilibidi ayafupishe majina, wengine awaache kabisa, akimkimbilia kaka yake kama mtu anayekimbilia gari na mzigo kichwani. Na kila alipoirudisha nyuma, utepe ulilia zaidi, umejikunja kingo, na alijua kwamba hautavumilia safari nyingi.

Jumapili ambayo wimbo uliingia vizuri, alijua kabla haujaisha. Vidole vilimtii. Aliuliza, Baltazari akaitika. Akataja, Baltazari akaitika. Na kwa muda fulani alisahau kigoda na simu, akageuza uso ubavuni pake kama alivyozoea. Palikuwa na ukuta tu.

Aliposimama kuizima redio, utepe ulikuwa umemezwa. Aliuvuta taratibu, ukamkatikia mkononi, vipande vilivyosagika kama majani ya chai. Hakuhuzunika sana. Baltazari alikuwa ameshahamia kwenye simu.

Simu ile kioo chake kilikuwa kimekwisha kabisa, haikuweza tena kutuma kitu. Akachomoa kadi ndogo iliyokuwa na wimbo, akaifunga kwenye karatasi, akampa mtu wa kanisani aliyekuwa akienda Bunda ampelekee Prosper. Hakumwandikia neno, na kwa mtu aliyekwenda hakusema ndani mna nini. Alitaka kijana aufungue mwenyewe, amsikie baba yake, akae chini. Nani anamfundisha mtoto sauti ya baba yake?

Baada ya siku chache Prosper alimpigia Clementi kwa simu ya Kudura. "Baba mdogo, nimepata. Umepiga vizuri kweli! Nimeusafisha kidogo tu, utapenda."

"Umesikia?"

"Nimesikia wote."

"Basi," alisema Clementi. "Basi."

Siku yenyewe, Bugwema palijaa mahema na viti vya plastiki. Kaburi lilikuwa limejengewa na kupigwa vigae vyeupe, kama bafu la mjini. Katekista alisali, ratiba ikasogea, na Prosper akachukua kipaza sauti kutangaza kwamba sasa mtasikia wimbo wa ukoo, umepigwa na baba mdogo, mzee Clementi Makongoro. Watu wakapiga makofi. Marcelina, mjane wa Baltazari, aliketi mbele kwenye jamvi. Clementi alikuwa amemnong'oneza asubuhi: "Shemeji, leo utamsikia mumeo." Tangu hapo mama yule hakuwa amekula.

Litungu lilitoka kwenye spika safi, safi kuliko lilivyowahi kutoka mikononi mwake. Kila uzi ulisikika. Kisha sauti ya Clementi ikauliza: nani yupo nyumbani kwa Makongoro?

Hapakuwa na jibu. Hata mkwaruzo wa kaseti haukuwepo. Palikuwa na kimya kilichonyooka, halafu litungu likaendelea.

Clementi alidhani waya umelegea. Likaja swali la pili, na pengo la pili. Wazee waliokuwa wakiujua wimbo waligeuza vichwa. Akainuka na kwenda kwenye meza ya Prosper.

"Baba yako yuko wapi?"

"Nani?"

"Anayeitika. Sauti iliyokuwa inaitika."

"Aa, ile redio?" Prosper alitabasamu. "Kulikuwa na redio ya jirani nyuma, inaingiliana na wewe kila saa. Niliitoa yote. Kuna programu, inatenganisha."

"Irudishe."

"Nilisevu palepale juu ya ile ya kwanza, baba mdogo. Si ilikuwa ni ke—"

Hakulimaliza neno. Marcelina alikuwa amesogea karibu, na kwa uso wake Prosper alielewa. Akatazama vitufe vyake. Akavipapasa kama mtu anayetafuta funguo gizani.

"Ulikuwa hujamsikia baba yako akiimba?" mama yake alimuuliza polepole.

"Wapi, mama? Mimi nilikuwaga shule ya bweni. Nikirudi, alikuwa ameshaacha."

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Baltazari aliacha kuimba kwa sababu hakuna aliyewaita tena.

"Nizime?" Prosper aliuliza.

"Wimbo wa marehemu haukatwi," alisema Clementi.

Spika iliuliza tena, na tena ikanyamaza. Watoto walianza kuchekeana. Kijana mmoja akasema kwa sauti kwamba mzee amesahau maneno. Clementi alitembea mpaka kwenye vigae vyeupe, akasimama mahali ambapo angekaa mwitikiaji. Mapengo aliyajua, alikuwa ameyakimbilia Jumapili zote zile. Sauti yake ikauliza kutoka kwenye spika ile kubwa kama kabati, nani yupo nyumbani kwa Makongoro, na alihisi fimbo ya baba yake kwenye miguu kabla hajafungua kinywa.

"Nipo," akajijibu. "Mwana wa Makongoro, nipo."

Wazee waliinamisha macho. Mmoja alivua kofia, akaishikilia kifuani mpaka mwisho. Vijana waliinua simu zao kumrekodi, wakamrekodi mtu anayeongea na spika, kwa kuwa ndicho walichokiona. Aliitika mapengo yote yaliyobaki, hakuruka hata moja, na lilipokwisha la mwisho litungu likaendelea kidogo peke yake, likanyamaza.

Prosper alimfuata nyuma ya mahema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Baba mdogo, njoo Bunda. Uitike kama alivyokuwa anaitika, nitairekodi, nitaibandika pale pale. Hakuna atakayejua."

Clementi alimshika bega, akaliachia. "Peleka viti vya watu, mwanangu. Wenye viti wanasubiri."

Jumapili iliyofuata alikuwa kitandani Kigera. Magodoro yalikuwa yamerudi mahali pake. Litungu alikuwa amelilegeza nyuzi zote na kulisimamisha limeelekea ukutani, kama lilivyofanyiwa la baba yake alipokufa. Nje palikuwa na kimya cha ajabu. Hakukuwa na mtoto, wala mbuzi. Kisha akamsikia Kudura kwenye kona ya uchochoro, akisema kwa sauti ya chini:

"Zima hiyo, wewe. Mzee anarekodi."

Muuza sumu akazima. Clementi alilala akiangalia mabati, akisikia jinsi mtaa mzima ulivyonyamazishwa kwa ajili yake, na hakupata moyo wa kutoka kwenda kumwambia.