Maharage ya Kusahihishwa

Chuoni Kasulu, nilikosomea kilimo, tulikuwa na mkufunzi mmoja, mtu wa Kibondo, mwenye masharti mepesi kuliko wenzake wote. Kazi ya vitendo uliweza kuifanyia nyumbani kama unatoka kijiji cha karibu. Ikiharibika unairudia, na hakukati hata alama moja, mradi uandike ukweli jinsi ilivyoharibika. Wakufunzi wengine walisema anatudekeza. Mimi nilimpenda, na bado nampenda.

Kazi yenyewe ilikuwa kupanda vipande viwili vya maharage, kimoja chenye samadi na kingine bila samadi, kisha kulinganisha. Bila alama za kazi hiyo huingii kwenye mtihani. Nikapanda nyumbani Nyakitonto, nyuma ya jiko, na kila Jumamosi nikawa narudi kupima mimea kwa rula. Mama nilimweleza kuwa ni kazi ya chuo. Yeye alielewa kwamba chuo kinanifundisha kupanda maharage, akanionea huruma.

Jumamosi moja nikakuta kipande cha samadi kimebaki vijiti. Kile kisicho na samadi kimesimama vizuri, kama kinanicheka. Mama alikuwa jikoni, ananisubiri na ugali wa muhogo na majani ya maharage yaliyoungwa kwa mawese. Alikuwa amechuma yale laini, kwa sababu mwanawe anakuja.

Nilikasirika, nikala, nikashiba. Ndipo nikamweleza habari ya mtihani. Katika shule aliyoijua yeye, ukikosea ni fimbo, ukikosea tena unarudishwa nyumbani. Jumatatu nikamkuta mlangoni mwa ofisi ya mkufunzi, amevaa kitenge cha kanisani, kuku kwapani.

“Mwalimu, kosa ni langu,” alikuwa akisema. “Mtoto hajui kitu. Kazi nirudie mimi, yeye umwache aendelee.”

Mkufunzi alikuwa ameshika ripoti yangu. Pale panapoulizwa wadudu na magonjwa yaliyoshambulia mimea nilikuwa nimeandika: mama. Alicheka mpaka akavua miwani.

“Mama, kuku rudi naye. Mtoto atapanda upya, na alama zake ziko palepale.”

“Humkati?”

“Simkati.”

Mama hakuamini. Nilipopanda upya alivilinda vile vipande kama askari wa benki. Aligombana na mbuzi, akagombana na shangazi yangu aliyekuja na kikapu chake kwa nia njema kabisa. Mboga tukawa tunanunua sokoni, sisi wakulima, na majirani wakatucheka wee.

Mkufunzi alikuja kusahihisha kwa bodaboda. Alipima, akalinganisha, akaandika. Kipande cha samadi kilikuwa kinamfika magotini, na mimi nilishaanza kutabasamu. Mama alisimama pembeni, mikono nyuma, hasogei. Nilipomwona hivyo tabasamu likaniisha. Moyo uliniuma, maana kwa majuma yote yale nilikuwa nikimtania.

“Amefaulu, mama,” mkufunzi akasema.

Mama alimtazama kwanza.

“Kwa hiyo sikumharibia masomo mwanangu?”

“Hukumharibia.”

“Hebu sema tena, mwalimu.”

Na yule mkufunzi, ambaye kila kitu kwake kilikuwa cha kucheka, alivua kofia, akamwambia tena.