Siku Stesheni Nzima Iliponisikia Nikimgombeza Shemeji

Chekeni tu, nimeshazoea, maana hapa Sydney hakuna sherehe ya Wakenya nitakayoingia bila mtu kuanza kunicheka kabla sijapata kiti, kwa hiyo leo sikieni kwangu mimi niliyeaibika.

Kazi yangu ni ya stesheni, zile za chini ya ardhi katikati ya mji (sitasema ipi, bado nakula mshahara wao), ambako treni zinajiendesha bila dereva, milango inajifungua na matangazo mengi yanasemwa na mwanamke wa kwenye mashine ambaye hajawahi kupata mafua. Na kazi hii naipenda. Nikishavaa ile fulana ya rangi ya chungwa natembea kama mkuu wa wilaya. Sasa Jumapili moja tulikuwa tunakula kwa dada yangu Nekesa, kule Macquarie Fields, na mume wake, shemeji Wafula, mtu wa kompyuta, akaniambia, "Shem, tafuta kitu kingine mapema. Kila mtu ana simu, na simu inajua treni zote. Nyinyi pale mmebaki mapambo."

Mapambo! Mbele ya watoto! Nilinyamaza kwa heshima, lakini usiku kucha nilikuwa natunga majibu.

Kesho yake lifti ikaharibika, nikaingia kwenye kile chumba chetu cha vioo kutangaza kwa maikrofoni kwamba watu watumie lifti ya upande wa pili. Nikamaliza vizuri, kwa ile sauti yangu ya kazi, na kabla sijazima maikrofoni, simu yangu ikalia. Nekesa. Nikajiambia nipokee kidogo tu (hapo ndipo nilipojimaliza), maana alikuwa anataka kujua kama nimekasirika.

Kama nimekasirika! "Mwambie mume wako," nikaanza, "aache kabisa kunichezea! Hiyo simu yake inaweza kumshika mtu mkono? Si yeye juzi alipotea hapahapa, simu mkononi, anazunguka kama kuku, mpaka mimi pambo nikaja kumtoa? Mwambie nimemnyamazia kwa sababu ya pilau, na ile pilau yenyewe haikuwa na chumvi!"

Nikasikia huko nje kuna mwanamke anafoka. Nikamwambia Nekesa, "Hebu ngoja, kuna mama mwingine hapa stesheni anagomba kama mimi." Na yule mama naye akasema hebu ngoja, kuna mama mwingine.

Aki, kumbe yule mama ni mimi mwenyewe!

Nikatazama nje ya kioo, watu wote wamesimama wakiangalia juu kwenye spika. Nikabonyeza kitufe kuzima, kumbe nimebonyeza cha kengele, ikalia ting-tong, nikabonyeza tena, ting-tong, kama nawaita waje kuomba. Basi nikaona heri niombe msamaha, nikatangaza kwa Kiingereza kwamba samahanini, hayo yalikuwa mambo ya familia. Watu wakapiga makofi! Kijana mmoja wa Kizungu akapaza sauti kuuliza huyo mwanamume, yeyote yule, ameniomba msamaha au bado.

Supavaiza wetu, Glen, alishuka zile ngazi uso umemwiva. Kabla hajafungua mdomo, mama mmoja mtu mzima, amejifunga kitenge, akampita, akanishika mikono yote miwili.

"Ni wewe ulikuwa nasema kwa mikro?" akaniuliza, na Kiswahili chake ni kile cha Wakongo. "Mungu iko! Nilisikia mutu iko nagombana na shemeji yake, nikasema hapa nimefika kwa batu betu." Watu wetu, yaani.

Halafu akaanza kulia. Binti yake alikuwa hospitali ya Campbelltown, anajifungua siku hiyo, mtoto wa kwanza. Mama ametoka kwake, kule St Marys, asubuhi peke yake, simu ikazima njiani, akawafuata watu tu, na watu wakamleta mpaka huku chini. Alikuwa amekaa kwenye benchi muda wote huo, treni zinakuja na kuondoka, anaogopa kupanda tena isije ikampeleka mbali zaidi. (Mimi mwenyewe nilikuwa nimempita pale nikamsabahi kwa Kiingereza, akatabasamu, nikaendelea na safari zangu.)

Glen akauliza, "Anasema nini?" Nikamfasiria. Yule mama alikuwa bado amenishikilia. Nikataka kupiga simu stesheni ya Campbelltown wenzetu wampokee, lakini Glen akaangalia ile mikono, akasema, "Nenda naye. Yetu tutazungumza baadaye."

Basi nikaenda. Safari ni ndefu, na mama hakuniachia hata kiti kilipopatikana, akawa anasali, akiacha kusali ananiuliza kama shemeji yangu ni mutu mubaya sana. Tulipofika wodini, muuguzi akatufungulia mlango, na msichana aliyekuwa kitandani akaita, "Maman!" kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia masikioni. Mtoto alikuwa hajatoka bado. Tulikuwa tumewahi. Nilibaki koridoni na fulana yangu ya chungwa, nalia kama vile wale ni ukoo wangu.

Onyo nilipewa, halali kabisa, na nikalitia sahihi bila kubishana. Kisha Glen akaniomba nimfundishe kusema "twende pamoja", akawa anarudia mpaka ikakaa.

Siku hizi simu yangu inashinda kabatini, imezimwa, na nimeapa sitataja jina la ndugu yeyote karibu na kitu chenye waya. Wakinipita abiria wanaonikumbuka, wanacheka. Aibu naisikia, sikatai. Lakini naisikia nikiwa nimesimama wima, nimetazama watu, kuanzia wale waliokaa kwenye mabenchi.